Kuwania tuzo ya kifaa nafuu cha kupimia magonjwa: mwongozo kamili, kuanzia benchi la zahanati hadi mbele ya majaji

Kifaa chetu cha kwanza kilishindwa na piko.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, mji mmoja wa Pwani, mkononi nina kibanio cha kupima wingi wa damu bila kutoboa kidole. Ofisini kilikuwa kimefanya kazi vizuri kwa miezi saba. Mama wa kwanza akaingiza kidole, skrini ikaandika 6.1. Nikarudia: 13.4. Nikafuta kioo kwa kitambaa, nikarudia tena, kikagoma kabisa. Sista aliyekuwa anajaza kadi akainua macho akautazama ule mkono. Kucha na ncha za vidole nyeusi tii, piko ya harusi ya juzi.

"Mwanangu," akaniambia, "mashine yako haijui hina?"

Nikajitetea kwamba tunaweza kutumia kidole cha mguu. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Miguuni ndiko walikomalizia."

Wakati huo andiko letu la kuomba tuzo lilikuwa limeshatumwa. Tulikosa, na haki yetu ilikuwa kukosa. Tangu siku hiyo nimekaa na vikundi kadhaa vya vijana wanaotengeneza vifaa vya kupimia malaria, sukari, upungufu wa damu na mapigo ya moyo, nikiwasaidia kuandaa maandiko yao. Karibu wote huja wakitaka nisome fomu. Mimi huwauliza kwanza daftari la zahanati liko wapi, kwa sababu fomu ni kazi ya wiki mbili. Kinachoijaza ni kazi ya mwaka mzima uliotangulia.

Hatua ya kwanza: jua unawania tuzo ya aina gani

Neno "tuzo" hufunika mambo manne tofauti, na kuyachanganya kumewapotezea watu muda mwingi.

Ipo tuzo ya heshima, ya kazi iliyokwisha kuonekana. Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa waliobuni hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, alipewa ufadhili wa MacArthur, wa mfuko mmoja wa Marekani, mwaka 2016. Huo hauombwi. Watu wengine hukupendekeza kimyakimya, nawe unashtukia simu inaita. Usiuwekee mpango.

Yapo mashindano ya lengo. Mwandaaji anataja kitu anachokitaka, anaweka fedha mezani, na atakayekifikisha anazichukua. Qualcomm Tricorder XPRIZE ilitangazwa mwaka 2012 ikiwa na dola milioni 10: kifaa kisizidi ratili 5, yaani kilo 2 na kidogo, na kiweze kutambua hali 13 za kiafya mikononi mwa mtu asiye na elimu ya udaktari. Ilipofika Aprili 2017 hakuna aliyetimiza masharti yote. Kikundi cha Basil Harris, daktari wa dharura wa Pennsylvania aliyefanya kazi hiyo na ndugu zake, kikapewa dola milioni 2.6, na kikundi cha Dynamical Biomarkers cha Taiwan dola milioni 1. Tuzo ya Longitude ya Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 2014 kutafuta kipimo cha kupunguza matumizi holela ya antibiotiki, ilisubiri miaka 10. Juni 2024 pauni milioni 8 zilikwenda kwa Sysmex Astrego ya Sweden, kwa mashine inayopima mkojo na kuonyesha, muda usiofika saa moja, kama kuna bakteria na dawa ipi itawaua. Haya ni mashindano ya wenye kampuni, mishahara na subira. Ukiwa na laptopu moja na rafiki mmoja, yasome ujifunze vigezo, kisha endelea na safari yako.

Aina ya tatu ni tuzo za malezi, na hapa ndipo watu wetu wametokea. Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza imekuwapo tangu 2014. Huchukua wabunifu wa uhandisi kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara, huwafunza kwa miezi kadhaa mambo ya biashara, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu) na kujieleza, mwishoni wanabaki wanne wanaosimama mbele ya majaji. Mshindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mtanzania Askwar Hilonga kwa chujio lake la maji. Mwaka 2016 akashinda Arthur Zang wa Kameruni kwa Cardio-Pad, tableti inayopima umeme wa moyo na kumtumia majibu mtaalamu aliye mbali. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Brian Gitta wa Uganda kwa Matibabu, kibanio cha kidole kinachotafuta malaria kwa mwanga bila tone la damu. (Jina la Kiswahili, fedha za Waingereza, nililipenda hilo.) Gitta alipata pauni 25,000. Mkenya Esther Kimani, aliyeshinda mwaka 2024 kwa kifaa cha kugundua wadudu na magonjwa ya mimea, alipata pauni 50,000.

Mwisho kuna mashindano ya nyumbani na ya vyuo. Tanzania ina MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, yenye makundi kuanzia shule ya msingi hadi taasisi za utafiti na wabunifu wa mitaani. Kwa wanafunzi wa vyuo kuna shindano la Rice360 la Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, la vifaa tiba vya nchi zenye uwezo mdogo. Fedha zake ni ndogo, ila ndiko utakakozoea kuulizwa maswali magumu hadharani bila kukasirika.

Kama kifaa chako bado ni nyaya juu ya meza, anza na aina hii ya nne. Ukishakuwa na majibu ya wagonjwa halisi, nenda ya tatu.

Ukichagua, chapisha masharti kwenye karatasi. Kila sharti liwe na mstari wake, na mbele yake andika ushahidi ulio nao: picha, barua, jedwali, kibali. Panapobaki pengo ndipo pa kufanyia kazi. Tazama hasa umri, uraia, hatua ambayo kifaa kinatakiwa kuwa kimefika, na kama unahitajika kuwa na kampuni iliyosajiliwa. Nimeona kikundi kikikataliwa kwa sababu tu kiongozi wake alipitiliza umri kwa miezi miwili.

Hatua ya pili: kaa zahanati kabla ya kugusa waya

Huyo Prakash anasimulia kwamba alipozuru vituo vya afya Uganda alikuta mashine ya kuzungusha damu, ile inayotenganisha chembe na maji ya damu, imewekwa kuzuia mlango usijifunge. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni umeme. Yeye na wenzake wakarudi maabara wakatazama mchezo ambao wengi wetu tumeucheza utotoni, kifungo cha shati kwenye uzi, unavuta na kulegeza kinazunguka kikivuma. Mwaka 2017 wakachapisha Paperfuge, duara la karatasi na kamba linalozunguka mara 125,000 kwa dakika, kwa gharama ya senti 20 za Marekani. Jaji yeyote aliyesikia habari ya ile mashine ya mlangoni haisahau, na chanzo chake kilikuwa mtu kufika mahali na kutazama chini.

Basi omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, amkia watu, kaa siku tano. Usiende na kifaa. Nenda na daftari na uandike: nani anapima, na ana kazi gani nyingine saa hiyohiyo? Sampuli inakaa wapi, inasafirishwa na nani, siku zipi? Jibu likija, mgonjwa bado yupo au ameshaondoka? Soketi inayofanya kazi ni ipi, na nani ameshaitawala kwa kuchaji simu? Vitobozi vilivyotumika vinatupwa wapi? Chumba cha kupimia kina joto kiasi gani saa nane mchana?

Kisha swali ambalo wabunifu hulikimbia: jibu la kifaa chako likiwa tofauti, mganga atafanya nini tofauti? Kama mgonjwa atapewa dawa ileile vyovyote iwavyo, umetengeneza mdoli.

Shirika la Afya Duniani lilishaweka orodha ya sifa za kipimo kinachofaa mazingira yetu, inajulikana kwa kifupi ASSURED: kiwe cha bei nafuu, kinase wagonjwa, kisiwasingizie wazima, kiwe rahisi kutumia, cha haraka na kigumu kuharibika, kisihitaji mitambo, na kifike kwa wanaokihitaji. Mwaka 2019 wataalamu wakapendekeza kuongeza kupeleka majibu papo hapo kwa mtandao na urahisi wa kupata sampuli, ikawa REASSURED. Majaji wengi wanaifahamu. Pitia sifa moja moja na useme ukweli pale kifaa chako kinapopungua. Hakuna kifaa kilicho nazo zote.

Hatua ya tatu: vibali

Kwa ufupi, maana hapa hakuna ujanja. Ukimgusa mgonjwa kwa ajili ya utafiti, unahitaji kibali cha maadili. Tanzania Bara vibali vya kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kenya unapita kwenye kamati ya maadili inayotambulika na kuchukua leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Andaa itifaki ya utafiti na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa mama wa kijijini, siyo kile cha kutafsiri sheria. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo majina yasikae kwenye simu ya kikundi.

Kibali huchukua miezi. Omba sasa hivi, hata kama tuzo bado haijatangazwa. Utafiti uliofanywa bila kibali hauna pa kuingia kwenye andiko, na kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Hatua ya nne: hesabu, tena kwa unyenyekevu

Hapa ndipo maandiko mengi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kifaa cha kupimia kina namba mbili za msingi. Unyeti: katika kila wagonjwa 100 wa kweli, kinawanasa wangapi? Umahususi: katika kila wazima 100, kinawaacha salama wangapi? Andiko linalosema "kifaa kina usahihi wa asilimia 95" bila kutenganisha hizi mbili linamwambia jaji kwamba kikundi hakina mtu wa maabara.

Sahihi kwa kulinganisha na nini? Lazima utaje kipimo cha rejea. Kwa malaria ni hadubini yenye wasomaji wawili wasioonana, au kipimo cha vinasaba. Kwa wingi wa damu ni mashine ya maabara kwa damu ya mshipa. Anayesoma kifaa chako asijue jibu la rejea, na anayesoma rejea asijue jibu la kifaa chako. Sentensi hiyo moja ikiwepo, jaji anatulia.

Sasa idadi. Vijana huja na furaha: "Tumepima wagonjwa 20, kimewanasa wote 20!" Kitakwimu, 20 kati ya 20 inaruhusu unyeti wa kweli uwe chini hata kama asilimia 83. Idadi ni ndogo mno kusema zaidi ya hapo. Njia ya kukadiria si ngumu. Tuseme unatarajia unyeti wa asilimia 90 na unakubali kukosea pointi 5 juu au chini. Chukua 1.96 (namba ya kitakwimu ya uhakika wa asilimia 95) mara yenyewe, zidisha kwa 0.90, zidisha kwa 0.10, gawa kwa 0.05 mara yenyewe. Unapata 138.3, yaani wagonjwa 139. Wagonjwa, siyo watu. Kama katika kliniki ile mtu mmoja kati ya watano ndiye ana ugonjwa huo, itabidi upime watu 695 ili kuwafikia hao 139. Namba hii huwatisha watu, lakini ukiiandika pamoja na mpango wa kuifikia, hata kama umefika watu 200 tu kati ya hao 695, utaheshimika kuliko aliyejisifu kwa 20.

Hesabu nyingine ndiyo ambayo majaji hupenda kumtegea mtu. Kifaa kina unyeti asilimia 90 na umahususi asilimia 90. Kipeleke kijijini ambako ugonjwa uko kwa asilimia 5, pima watu 1,000. Wagonjwa ni 50, kinawanasa 45. Wazima ni 950, na kinawasingizia 95. Kwa hiyo watu 140 wameambiwa wanaumwa, na wanaoumwa kweli ni 45, chini ya theluthi moja. Ukiifanya hesabu hii mwenyewe ndani ya andiko, na ukaeleza kwamba watakaoonekana na ugonjwa watathibitishwa kwa kipimo cha pili, umemnyang'anya jaji swali lake.

Jambo la mwisho katika hesabu ni ngozi. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia mwanga, na mwanga hauzipiti ngozi zote sawasawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vibanio vya kupimia oksijeni viliwakosa wagonjwa Weusi waliopungukiwa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya Weupe. Vifaa hivyo vilikuwa vimeshatumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Sisi tuna nafasi ya kupima kwa watu wetu tangu mwanzo, na hiyo ni hoja nzito kwenye andiko kama kweli umeifanya. Andika rangi za ngozi, umri, ujauzito. Na andika hina.

Ukipanga matokeo, fuata mwongozo wa STARD wa mwaka 2015, wenye vipengele 30 vya kuripoti tafiti za vipimo. Unapatikana bure, na ukiufuata andiko lako litafanana na kazi ya watu wazima.

Hatua ya tano: nafuu kwa nani?

Kila andiko husema "kifaa nafuu". Nafuu ni namba, na namba yenyewe ni gharama ya kipimo kimoja, wala si bei ya kifaa.

Chukua mfano. Kifaa ni shilingi 600,000 za Tanzania. Kinadumu miaka mitatu, kinapima watu 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hivyo ni vipimo 15,000, na kifaa chenyewe kinagharimu shilingi 40 kwa kila kipimo. Lakini kila kipimo kinakula kijikaratasi cha shilingi 1,500. Ukipambana mwaka mzima kushusha bei ya kifaa hadi 300,000, umeokoa shilingi 20. Ukishusha kijikaratasi hadi 1,000, umeokoa 500. Vikundi vingi huuweka uhandisi wao wote kwenye boksi, wakati fedha inavujia kwenye takataka.

Weka pia betri ya kubadilisha, matengenezo, kurekebisha usomaji kila baada ya muda, mafunzo ya mhudumu, na usafiri wa fundi. Kisha linganisha na kinachotumika leo pale pale: kipimo cha haraka, nauli ya mgonjwa kwenda hospitali ya wilaya, siku ya kazi anayoipoteza. Taja nani atalipa. Halmashauri? Bima? Mgonjwa mwenyewe? "Serikali itanunua" si jibu mpaka uonyeshe kwamba umezungumza na mtu anayepanga manunuzi.

Hatua ya sita: funga mdomo mpaka umesajili

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu ulichokwisha kukionyesha jukwaani au kukirusha kwenye video kinaweza kuhesabika si kipya tena. Kabla ya kupanda jukwaa lolote, hata la chuo, zungumza na ofisi zinazosajili hataza: BRELA kwa Tanzania Bara au KIPI kwa Kenya. ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mambo hayo lenye makao yake Harare, hupokea ombi moja kwa nchi wanachama kadhaa. Kama fedha haitoshi, angalau andiko la wazi lieleze kifaa kinafanya nini, na siri ya kinavyofanya ibaki kwenu. Uliza waandaaji kwa maandishi nani atasoma andiko na kama wamefungwa na usiri.

Ndani ya kikundi nako andikianeni mapema nani anamiliki nini, mkiwa bado hamna kitu. Kikundi kimoja ninachokijua kilishinda, kikavunjika wiki ya fedha kuingia. Walikuwa wanne, na kila mmoja akilini mwake alikuwa na nusu.

Hatua ya saba: kuandika andiko

Fungua na mahali. Sentensi kama "Malaria ni tatizo kubwa barani Afrika" jaji ameisoma mara arobaini asubuhi hiyo. Mwandikie kitu ambacho wewe tu umekiona: "Katika zahanati tuliyokaa, sampuli za damu za wajawazito huondoka kwa bodaboda Jumanne na Ijumaa. Anayekuja Jumatano hupata jibu wiki inayofuata, kama atarudi." Sentensi mbili tu, na tatizo limekaa mezani.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja: kifaa kinafanya nini, kimepimwa kwa nani na wangapi, namba zimetokaje, zimepungua wapi, fedha ya tuzo itafanya jambo gani ambalo leo halifanyiki. Hilo la mwisho liwe dogo na la kushikika. "Tutawafikia wajawazito milioni moja" halimshawishi mtu. "Tutatengeneza vifaa 15, tutaviweka vituo vitano kwa miezi sita, na kumaliza idadi ya wagonjwa 139" linamshawishi.

Programu ya Grand Challenges Explorations ya mfuko wa Gates, ilipoanza mwaka 2008, ilitoa dola 100,000 kwa andiko la kurasa mbili. Kwa hiyo usilie kwamba nafasi ni ndogo. Kata historia ya ugonjwa, kata sifa za chuo chako, kata maneno "ya kimapinduzi" na "ya kipekee". Acha udhaifu wa kifaa ubaki. Aya moja ya mapungufu inayosema ukweli huaminisha zile nyingine zote.

Wataje watu wa kikundi kwa kazi zao. Wahandisi watatu bila mtu wa maabara wala muuguzi ni dalili mbaya. Barua ya mganga mkuu wa wilaya inayosema tarehe mlizofika na mlichofanya ina uzito kuliko barua ya mkubwa inayowatakia heri.

Kisha mpe andiko mtu asiye wa fani yako alisome kwa sauti. Anapokwama, rekebisha hapo.

Hatua ya nane: mbele ya majaji

Kifaa kitagoma siku hiyo. Lichukulie hilo kama hali ya hewa. Nenda na vifaa viwili, kebo tatu, na video ya dakika moja ya kifaa kikifanya kazi kituoni. Jaribu skrini juani, maana maonyesho mengi hufanyika kwenye mahema saa sita mchana na skrini nzuri ya ofisini hugeuka kioo cha kujitazamia. Usitegemee intaneti ya ukumbini.

Ukialikwa nje ya nchi, betri za lithiamu zinakwenda kwenye begi la mkononi, na mashirika ya ndege kwa kawaida huweka mpaka wa saa-wati 100 kwa kila betri. Namna ya kupata: zidisha saa-ampea kwa volti. Betri ya mAh 20,000, yaani saa-ampea 20, yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, inapita. Beba barua inayoeleza kifaa ni nini, kwa sababu boksi lenye nyaya na taa nyekundu halipendwi na watu wa usalama uwanjani.

Maswali yanayorudi kila mara ni haya: kimelinganishwa na nini? Kikikosea nani anaumia? Kwa nini kituo kisinunue kilichopo sokoni? Nani atakitengeneza kikiharibika Kigoma? Jibu fupi, na pale usipojua sema hujajua, ueleze utajuaje. Nimemwona binti mmoja akiulizwa kuhusu unyevu wa hewa, akasema, "Hatujapima hilo, tumepanga Agosti kwa sababu ndipo kabati la joto la chuo litakuwa wazi." Majaji wakaandika kitu, wote watatu kwa pamoja. Alishinda.

Hatua ya tisa: ukishinda

Soma mkataba kabla ya kupiga picha na ile hundi kubwa ya kadibodi. Angalia fedha inakuja kwa mkupuo au kwa awamu, ripoti zinadaiwa lini, kodi inakatwa wapi, na kama mtoaji anataka sehemu ya haki za kifaa. Fungua akaunti ya kikundi yenye sahihi zaidi ya moja.

Tuzo haikupi ruhusa ya kuuza. Matibabu ya Gitta iliposhinda mwaka 2018 ilikuwa bado kwenye majaribio. Tanzania kifaa tiba husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu, na ushahidi unaotakiwa hutegemea kundi la hatari la kifaa, kuanzia A lililo jepesi hadi D lililo zito. Watakuuliza mfumo wa ubora, na kiwango kinachotajwa zaidi ni ISO 13485, kile cha kimataifa cha watengenezaji wa vifaa tiba. Tenga sehemu ya fedha ya tuzo kwa hilo tangu siku ya kwanza. Usipofanya hivyo, itaisha kwenye kompyuta mpya na safari.

Na rudi zahanati. Sisi baada ya aibu ya piko tulikihamishia kibanio kwenye ndewe la sikio. Nikarudi kwa yule sista nikiwa najiamini, nikamwamkia, nikamwekea kifaa mezani. Akakigeuza mara mbili, akakitazama, akanitazama, kisha akamwita mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Vua hereni, mwanangu," akamwambia. "Na hizo tatu za juu."